Nyongeza ya baridi kwenye altimita: mwongozo kamili kwa rubani aliyezoea hewa ya Mwanza

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya hewa sanifu, ile inayoitwa ISA, halijoto ya mwinuko huo ingekuwa nyuzi 7.5 za Selsiasi. Alfajiri ya Julai, wakati bodaboda wa Kirumba wamejifunga makoti mazito, kipimajoto bado kiko juu ya hapo kwa nyuzi kadhaa, na mchana hufika 28 au 29. Kwa hiyo rubani aliyejifunzia kazi kando ya Ziwa Viktoria amezoea altimita, chombo cha kuonyesha mwinuko, inayokosea kwa upande wa heri: inasoma futi pungufu kuliko alizonazo kweli.

Akipata kazi Kanada, Alaska au Norwei, kosa lilelile linageuka. Altimita inasoma futi nyingi, ndege iko chini. Mwongozo huu ni wake, na pia wa mwanafunzi ambaye nyongeza ya baridi, yaani futi za kuongeza kwenye miinuko ya chati ili kufidia kosa hilo, anakutana nayo kwenye karatasi ya mtihani tu.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno mawili. Mwinuko ni futi kutoka usawa wa bahari, zile altimita inazosoma ukiweka QNH, yaani mgandamizo wa hewa wa uwanja uliokokotolewa hadi usawa wa bahari. Kimo ni futi kutoka uwanjani, au kwa usahihi zaidi, kutoka mahali QNH ilipopimwa. Anayechanganya haya mawili atakosea hesabu yote iliyobaki.

Kwa nini altimita inakosea

Altimita haipimi umbali. Inapima mgandamizo wa hewa, kisha inaugeuza kuwa futi kwa kudhani kwamba hewa iliyo chini yake ina joto la ISA. Nenda soko la Mwaloni uangalie magunia ya dagaa. Anayejali kilo tu haoni tofauti kati ya gunia lililoshindiliwa na lililojazwa kwa kulegea, lakini ukiyasimamisha bega kwa bega, moja ni fupi. Hewa baridi ni gunia lililoshindiliwa. Altimita imehesabu kilo na kusema futi 1,500, kumbe gunia lina futi 1,270.

Ndege ikiwa imesimama uwanjani na QNH imewekwa sawa, kosa hili halipo, kwa sababu QNH imepimwa palepale. Linakua kadiri unavyopanda juu ya chanzo cha QNH. Ndiyo maana kwenye kimo cha futi 200 ni jambo la futi makumi, na kwenye kimo cha futi 4,000 ni mamia, ya kutosha kumaliza nafasi yote iliyoachwa kati ya ndege na mlima.

Ukiwa Mwanza unaweza kuliona kosa kwa macho, kwa upande wake wa joto. Chukua mchana wa nyuzi 30, ndege yenye altimita ya redio, na uruke usawa juu ya maji kwa mwinuko wa futi 5,763. Altimita ya mgandamizo inasema uko futi 2,000 juu ya uwanja. Altimita ya redio, inayopima kwa mawimbi umbali halisi hadi majini, itasema karibu 2,200. Futi 40 hivi za tofauti hiyo ni kwa sababu ziwa liko chini kidogo ya uwanja. Zilizobaki, kama 160, ni joto tupu.

Lini uongeze

Kampuni nyingi huanza kuhesabu nyongeza halijoto ya uwanjani ikiwa nyuzi 0 au chini yake. Chati za Marekani huchora alama ya kipande cha theluji pamoja na halijoto maalumu kwa baadhi ya viwanja: ikifika hiyo au ikishuka zaidi, nyongeza ni lazima kwa sehemu za njia zilizotajwa. Kitabu cha uendeshaji cha mwajiri wako ndicho chenye kauli ya mwisho. Kikisema anza kwenye nyuzi 0, usianze kwenye −5 kwa sababu eneo ni tambarare.

Halijoto ya kutumia ni ile iliyotangazwa na kituo kilichotoa QNH, wala si ya kipimajoto cha ndege ukiwa juu. Kwenye METAR, ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, herufi M ina maana ya hasi: M30/M33 ni nyuzi −30, na kiwango cha umande −33. Kosa la kuruka hiyo M ni la kipuuzi lakini linatokea, hasa kwa jicho lililozoea kusoma 28/18 kila siku. Angalia na saa pia. METAR ya 1200Z (Z ni saa ya dunia, UTC) ni ya saa tisa alasiri kwa Mwanza, lakini magharibi mwa Kanada ni alfajiri, na halijoto inaweza kuwa bado inashuka.

Jedwali

Hizi ni nyongeza za jedwali la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa futi. Safu wima ni halijoto ya uwanjani, mistari ni kimo juu ya chanzo cha QNH.

| Kimo | 0°C | −10°C | −20°C | −30°C | −40°C |
|---|---|---|---|---|---|
| 200 | 20 | 20 | 30 | 40 | 50 |
| 500 | 30 | 50 | 70 | 100 | 120 |
| 800 | 50 | 80 | 120 | 150 | 190 |
| 1,000 | 60 | 100 | 140 | 190 | 240 |
| 1,500 | 90 | 150 | 210 | 280 | 360 |
| 2,000 | 120 | 200 | 280 | 380 | 480 |
| 3,000 | 170 | 290 | 420 | 570 | 720 |
| 4,000 | 230 | 390 | 570 | 760 | 970 |
| 5,000 | 280 | 490 | 710 | 950 | 1,210 |

Halijoto ikiangukia katikati, tumia safu ya baridi zaidi: −34 isome kama −40. Kimo kikiangukia katikati, chukua mstari wa juu yake. Kukokotoa katikati ya safu kunaruhusiwa, ila kwenye chumba cha rubani chenye kazi nyingi futi hamsini za ziada ni bei ndogo kuliko hesabu iliyokosewa.

Ipo na kanuni ya kichwani: asilimia 4 ya kimo kwa kila nyuzi 10 chini ya ISA. Inafaa hadi karibu nyuzi −15. Baridi ikizidi hapo inaanza kutoa nyongeza pungufu, kwa hiyo rudi kwenye jedwali au kwenye fomula kamili:

nyongeza = H × (15 − t) ÷ (273 + t − 0.00099 × (H + E))

H ni kimo kwa futi, E ni mwinuko wa chanzo cha QNH kwa futi, na t ni halijoto ya uwanja iliyoshushwa hadi usawa wa bahari, yaani halijoto iliyotangazwa ukijumlisha 0.00198 mara E.

Hesabu, hatua kwa hatua

Tuchukue uwanja wa mfano ulioko futi 1,000 juu ya bahari, asubuhi ya nyuzi −30. Njia ya kukaribia ni ya aina isiyo na mnururisho wa kushukia, yaani wimbi la redio linaloonyesha mteremko. Chati inatoa futi 4,000 kwa sehemu ya kati, 2,500 kwenye FAF (mahali sehemu ya mwisho ya njia inapoanzia), 1,800 kwenye kituo cha kushukia kilicho kati ya FAF na uwanja, MDA (mwinuko wa chini kabisa wa kushukia kabla ya kuuona uwanja) ya 1,500, na futi 5,000 za kwenda kuzunguka kusubiri endapo kutua kutashindikana.

Hatua ya 1. Andika miinuko yote itakayohitaji nyongeza kabla ya kuanza kushuka, ukiwa bado kwenye mwinuko wa safari na kahawa haijapoa. Usiandike MDA peke yake. Miinuko ya salama ya eneo, ile ya maili 25, nayo iingie kwenye orodha ikiwa utaitegemea.

Hatua ya 2. Toa mwinuko wa uwanja ili upate kimo. Hapa tunapata 3,000, 1,500, 800, 500 na 4,000. Hii ndiyo hatua inayorukwa. Anayeingia kwenye jedwali na 4,000 badala ya 3,000 atapata futi 760 badala ya 570. Kosa hilo halitamgongesha mlima, lakini litamfanya aingie njia ya mwisho akiwa juu mno, na kwenye theluji hiyo humaanisha kugusa ardhi mbali kwenye njia inayoteleza.

Hatua ya 3. Soma safu ya −30: 570, 280, 150, 100, 760.

Hatua ya 4. Jumlisha kwenye miinuko ya chati. Sehemu ya kati inakuwa 4,570, FAF 2,780, kituo cha kushukia 1,950, MDA 1,600, na ya kusubiri 5,760.

Hatua ya 5. Kadiria kwenda juu, kamwe si chini. Iliyo mbali na uwanja iweke kwenye mamia ili iweze kuwekwa kwenye kichagua mwinuko: 4,600, 2,800, 5,800. Kituo cha kushukia na MDA vibaki kama vilivyo.

Hatua ya 6. Rubani wa pili afanye hesabu yake bila kuona ya kwanza, kisha mlinganishe. Andikeni namba mpya kwenye karatasi au kwenye kishikwambi kando ya chati, mahali nyote mnapoona.

Kwa anayetaka kuona njia tatu zinavyoachana: kwenye FAF ya mfano huu, kimo cha 1,500, jedwali linatoa 280, fomula inatoa 266, na kanuni ya asilimia 4 inatoa 258. Jedwali liko juu kwa sababu limetengenezwa kwa uwanja ulio usawa wa bahari. Kanuni ya kichwani iko chini kwa sababu baridi imepita kiwango chake. Na usipoongeza kitu? Altimita itakaposoma 2,500, kimo chako halisi kitakuwa kama futi 1,270 badala ya 1,500.

Nani aambiwe

Hapa ndipo waliotoka ukanda wenye ndege chache hujikwaa. Ukipanda hadi 5,800 wakati mwongoza ndege anajua uko 5,000, ndege aliyoiweka 6,000 juu yako sasa iko futi 200 tu mbali nawe. Kwa hiyo mwambie mapema mwinuko unaouhitaji kwenye sehemu ya kati na kwenye kuzunguka kusubiri, naye akuruhusu kabla hujaupanda. Nyongeza za kuanzia FAF hadi MDA au DA (mwinuko wa kuamua kutua au kughairi) ni zako mwenyewe, kwa kawaida hazihitaji kutangazwa.

Ukiwa unaongozwa kwa rada, usiongeze chochote kwenye mwinuko uliopewa. Miinuko ya chini ya rada kwenye nchi nyingi za baridi huwa imeshahesabiwa joto, na usalama kutoka ardhini ni jukumu la aliyekupa uelekeo. Ukiwa na shaka, uliza kama mwinuko uliopewa umezingatia baridi. Mara tu unaporuhusiwa kuifuata njia ya chati kwa uongozi wako, jukumu linarudi kwako na nyongeza zinaanza.

Wala usiiguse QNH. Kuna wanaofikiri njia fupi ni kuizungusha QNH hadi altimita ishuke futi mia mbili. Kosa la baridi hubadilika na kimo, lakini QNH huhamisha altimita nzima kwa kiasi kilekile, kwa hiyo utakuwa sawa mahali pamoja na umekosea kwingine kote. Zaidi ya hapo, ndege nyingine zote angani zinatumia QNH iliyotangazwa.

ILS, setilaiti, na njia inayochorwa na altimita

Mnururisho wa ILS, mfumo wa redio wa kuongozea ndege kutua, hauna habari na joto. Umetoka kwenye antena ardhini, na digrii zake 3 ni 3 Mwanza na 3 Aktiki. Njia za setilaiti za aina ya LPV nazo ni hivyohivyo. Kinachobaki kwenye hatari ni DA, kwa sababu bado inasomwa kwenye altimita ya mgandamizo. DA yenye kimo cha futi 200 kwenye nyuzi −30 inaongezewa 40. DH, yaani kimo cha kuamua, inayosomwa kwenye altimita ya redio, kama kwenye ILS ya daraja la II, haiongezewi.

Ila ipo hatari ya mazoea, nayo tunaiona kubwa kuliko hesabu yenyewe. Rubani wa ukanda wa ziwa anayetua kwa ILS pale Entebbe, futi 3,782, amezoea kwamba akivuka FAF juu ya mnururisho, altimita husoma pungufu ya chati. Kwa nyuzi 30 na kimo cha chati cha 2,000, itasoma kama 1,850 juu ya uwanja, na hakuna anayeshtuka. Kwenye baridi kali ataona kinyume: yuko sawasawa juu ya mnururisho lakini altimita inasoma futi 280 zaidi ya chati. Jicho lisilozoea linasema mnururisho ni wa uongo, mkono unasukuma usukani chini. Ukaguzi wa mwinuko kwenye FAF ufanywe kwa namba iliyoongezwa nyongeza. Zikilingana ndani ya futi chache, mnururisho ni wa kweli.

Njia inayochorwa na kompyuta ya ndege kwa kutegemea altimita, ile ya LNAV/VNAV, ni habari nyingine. Huko baridi inailaza njia yote. Digrii 3 kwenye mfano wetu wa −30 zinakuwa takriban 2.5, na ndege inaburuzwa karibu na ardhi maili zote za mwisho huku vyombo vyote vikionyesha uko sawa. Kwa sababu hiyo chati huandika halijoto ya chini kabisa ya kuitumia bila mfumo wa kurekebisha joto. Chini ya hapo ni marufuku, hata ukiongeza DA, maana nyongeza kwenye DA hainyanyui njia yenyewe.

Kwenye joto njia hiyohiyo inasimama wima zaidi. Kwa nyuzi 30 na mwinuko kama wa Mwanza, digrii 3 za kompyuta ni karibu 3.24 angani. Kwa mwendo wa ardhi wa noti 140, ulitarajia kushuka futi 740 kwa dakika, utajikuta kwenye 800. Ndiyo maana chati nyingi huweka na halijoto ya juu kabisa. Usipunguze mwinuko wowote kwa sababu ya joto, hata kama hesabu inakuonyesha una futi 160 za ziada. Zinabaki kuwa akiba.

Ndege zenye kompyuta ya kurekebisha joto hutaka uingize halijoto ya uwanja, kisha zinabadilisha miinuko ya njia zenyewe. Soma kitabu cha ndege yako ujue inarekebisha ipi na inaacha ipi. Mara nyingi DA huingizwa kwa mkono, na mwinuko wa kuzunguka kusubiri unaweza kuachwa nje. Hatari ya pili ni kuongeza mara mbili: kompyuta imeongeza 280 kwenye FAF, rubani naye akaandika 280 nyingine juu yake.

Viwanja vya juu vyenye baridi kidogo

Johannesburg ndipo rubani wa Mwanza anapoweza kuikaribia hali hii bila kutoka barani Afrika. Uwanja wa O.R. Tambo uko futi 5,558, ISA yake ni nyuzi 4, na asubuhi za Julai halijoto huweza kushuka chini ya sifuri. Tuseme ni −3. Ukifuata jedwali kwa kimo cha 2,000 na safu ya −10, unaongeza futi 200. Kwa fomula, baridi ni nyuzi 7 tu chini ya ISA na nyongeza ni kama futi 51. Jedwali limezidisha kwa sababu halijui kwamba uwanja uko juu. Kampuni yako ikiruhusu fomula kwenye viwanja vya namna hii, itumie. Isiporuhusu, ongeza 200 na umwambie mwongoza ndege.

Halijoto ikipanda ukiwa tayari umeshahesabu, kwa mfano jua limechomoza na METAR mpya imesema −26 badala ya −30, acha namba zako zilivyo. Ikishuka na kuvuka safu, rudia hesabu yote kabla ya FAF. Kama mmeshaipita FAF, zilizobaki ni kituo cha kushukia, MDA na mwinuko wa kusubiri, na mabadiliko ya huo wa mwisho ndiyo makubwa: kwenye kimo cha 4,000, kutoka safu ya −30 kwenda −40 ni futi 210 zaidi, na kwa mfano wetu 5,800 inakuwa 6,000.